UZI: Kunyoosha santuri iliyopinda kwa joto la taratibu, tuelekezane vizuri

Mfereji33

Wakuu, salaam.

Maswali ya santuri zilizopinda yanarudi kila mara, na baadhi ya majibu yanayotolewa yanaua santuri za watu. Mmoja anasema weka juani, mwingine anasema tia kwenye oveni nyuzi 100 kwa dakika tano. Nafungua uzi huu tuwe na mahali pamoja. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aulize humu humu.

Nianze na jambo ambalo ndilo msingi wa yote: joto halinyooshi santuri. Joto linailegeza tu. Kinachoinyoosha ni kupoa ikiwa imebanwa kwenye kitu kilichonyooka kabisa, tena kupoa polepole. Nguo ukiipiga pasi kisha ukaikunja ingali ya moto, mikunjo inarudi yote. Santuri nayo ni hivyo hivyo. Watu wanahangaika sana na joto kisha wanaitoa haraka waone imekuwaje, halafu wanasema njia haifanyi kazi.

Sasa kuhusu chenyewe tunachokilegeza. Tangu kampuni ya Columbia walipotoa LP (santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika) mwaka 1948, santuri hizi zimekuwa za plastiki iitwayo vinaili, na vinaili hiyo kwa kawaida si PVC tupu. Ni mchanganyiko wa kloridi ya vinaili na asetati ya vinaili. PVC tupu hulegea karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, lakini ule mchanganyiko huanza mapema zaidi, kwenye sitini na kitu. Ndiyo maana santuri iliyosahaulika ndani ya gari lililofungwa juani inapinda: kwenye gari la namna hiyo nyuzi 60 zinafikiwa bila shida.

Kiwandani, bonge la plastiki hushindiliwa kati ya kalibu mbili kwa joto la mvuke linalozidi nyuzi 150, halafu maji baridi hupitishwa kwenye kalibu, santuri inatolewa. Kazi yote huchukua nusu dakika hivi. Ikitolewa kabla haijapoa vya kutosha, au ikivalishwa nailoni ya kubana ingali na uvuguvugu, inapinda hata kabla haijafika dukani. Unene si kinga. Santuri nzito za gramu 180 zinahitaji muda mrefu zaidi wa kupoa kuliko za gramu 120 au 140, na kiwanda chenye haraka hakiupi muda huo nafasi.

Kwa hiyo santuri mpya iliyopinda irudishe ulikoinunua. Usiitie joto. Ukishaigusa, huna tena hoja mbele ya muuzaji. Haya nitakayoeleza ni ya santuri ambayo huna pa kuirudisha na huna namna ya kupata nyingine.

---

SautiYaNdani

Mkuu Mfereji33, asante kwa uzi. Nina moja imeinuka ukingoni upande mmoja tu, kwa macho naona kama milimita mbili. Sindano inapanda na kushuka lakini hairuki. Ninyooshe au niache?

---

Mfereji33

Iache, mkuu. Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanapotia joto santuri isiyohitaji.

Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Mwinuko mpana unaochukua karibu nusu ya santuri unaunyanyua mkono wa sindano taratibu, na mkono uliosawazishwa vizuri unaufuata bila tabu. Tatizo ni mpindo mfupi. Mzingo wa santuri ya LP ukingoni ni sentimita 94 hivi. Kibonge cha sentimita tano kinapita chini ya sindano kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hiyo ni sawa na mtikisiko wa hezi 10, yaani mara 10 kwa sekunde. Sasa mikono mingi pamoja na katriji zake (kichwa kinachoshika sindano) ina mtikisiko wake wa asili kati ya hezi 8 na 12. Kibonge kifupi kinaugonga mkono mahali pale pale unapopenda kutikisika. Ndiyo maana santuri yenye mwinuko mkubwa mpana inapiga vizuri, na nyingine yenye kibonge kidogo usichokiona mpaka uinamishe kichwa inarusha sindano.

Kwa hiyo usiamue kwa milimita peke yake. Iweke izunguke, inama mpaka jicho liwe sawa na santuri, angalia ka-waya kadogo kanakobeba sindano kakipita pale kwenye mwinuko. Kama umbali kati ya tumbo la katriji na santuri haubadiliki, mkono unafuata, uko salama. Kama katriji inazama mpaka inakaribia kugusa, kisha inaruka juu, hapo kuna kazi. Simu yenye kurekodi polepole inasaidia sana kuona hili.

Kabla ya joto jaribu pia mambo mepesi. Uzito wa sindano ukiwa chini ya kiwango cha mtengenezaji wa katriji, upandishe ufike katikati ya kiwango. Tumia kibano cha katikati, kinachoibana santuri kwenye sahani inayoizungusha. Ipo pia pete nzito ya chuma inayokaa ukingoni mwa santuri na kuilaza, na baadhi ya mashine, mfano SOTA Star Sapphire, hufyonza hewa chini ya santuri ili ilale kwenye sahani. Hizi zote hazibadilishi chochote kwenye plastiki. Nazipenda kwa sababu hiyo.

---

Bi_Lebo

Na mimi niulize. Nina santuri za zamani za mizunguko 78, mbili zimepinda. Njia ni hii hii?

---

Mfereji33

Hapana dada, tafadhali usizitie kwenye njia hii. Nyingi za hizo ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, iliyochanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu na zinavunjika kama kigae, na ukizibana zikiwa baridi zinapasuka hapo hapo.

Zipo pia za kundi la tatu, zile zilizochongwa moja moja studio: bamba la alumini lililopakwa laka, aina ya rangi ngumu. Ukitazama kwenye tundu la katikati au ukingoni unaona chuma. Hizo usizitie joto kabisa, tabaka la laka linabanduka. Santuri za picha nazo ziache, kwa sababu ni matabaka kadhaa yenye karatasi katikati na kila tabaka linatanuka kivyake.

Vinaili ya kawaida, nyeusi au ya rangi, ndiyo ninayoizungumzia.

---

Mfereji33

Sasa njia yenyewe. Nitaandika kirefu kwa sababu makosa yako kwenye mambo madogo.

Vioo. Unahitaji vioo viwili vya mraba, sentimita 35 kwa 35, unene milimita 6, kingo zimesagwa zisikukate. Kioo cha kawaida cha dirisha siku hizi hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, kwa hiyo kimenyooka mno, zaidi ya bamba lolote la chuma utakalopata kirahisi. Kioo kilichoimarishwa kwa joto ni salama zaidi kikivunjika, ila kinaweza kuwa na mawimbi madogo. Vilaze vyote viwili kimoja juu ya kingine, uvibonyeze pembeni. Vikiyumba, badilisha. Kioo kimoja cha ukubwa huo kina kilo 1.8 hivi, na uzito huo unatosha wakati wa joto. Usiongeze kitu juu.

Usafi. Osha santuri kama unavyoiosha siku zote, iache ikauke kabisa, osha na vioo. Chembe ya vumbi kwenye santuri baridi unaipangusa. Chembe hiyo hiyo ikibanwa na kioo kwenye vinaili iliyolegea inazama na kubaki humo, na kila mzunguko utaisikia. Usiweke karatasi, kitambaa wala mfuko wa ndani kati ya kioo na santuri. Vinaili ikilegea inapokea chapa ya kila inachokigusa, na unyuzi wa karatasi unatosha kuacha alama. Kioo kitupu kisafi ndicho bora.

Hapa mtu atauliza, kioo hakiharibu mifereji, ile michirizi sindano inamopita? Kwa santuri nyingi hakiigusi. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya RCA walileta umbo ambalo ukingo na sehemu ya lebo ni nene kidogo kuliko eneo la muziki, ili santuri zikirundikwa mifereji isisuguane, na viwanda vingine vikafuata. Pitisha kidole ukingoni utausikia mdomo mdogo. Kioo kinakaa juu ya mdomo huo na juu ya lebo. Santuri ambayo haina mdomo huo, bapa kutoka ukingoni mpaka kwenye lebo, iendee kwa joto la chini zaidi.

Kipimajoto. Hiki ndicho kifaa kinachoamua. Namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha oveni usiiamini. Kidhibiti joto cha oveni ya nyumbani huwasha waya, huuzima, huuwasha tena, na joto linapanda na kushuka hata nyuzi kumi au zaidi kila upande wa namba uliyochagua. Kwa chakula haina neno, lakini kwa vinaili inayolegea sitini na kitu, nyuzi kumi ndiyo tofauti kati ya santuri iliyonyooka na iliyoharibika. Weka kipimajoto cha pekee ndani, karibu na mahali kioo kitakapokaa, na uendeshe oveni tupu kwa saa nzima ukiandika inavyopanda na kushuka. Fanya hivyo kabla hujaingiza santuri yoyote. Kama kilele chake kinapita nyuzi 65 hata kwenye alama ya chini kabisa, oveni hiyo haifai kwa kazi hii. Oveni nyingi za gesi hazishuki chini vya kutosha.

Jambo jingine, waya ukiwaka unatoa joto la kuchoma moja kwa moja, si hewa ya moto peke yake. Weka trei ya chuma kwenye rafu ya chini ikinge mionzi hiyo, na kama waya uko juu, weka trei na juu pia.

Kupasha. Laza santuri kati ya vioo, ingiza oveni ikiwa baridi. Usiingize kioo baridi kwenye oveni ya moto. Pandisha mpaka 55. Kioo kinapokea joto polepole, kwa hiyo hesabu muda tangu kioo chenyewe kifike kiwango, si hewa. Kisha acha saa moja. Najua wengi wanapendelea nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika kumi, na zipo santuri zilizonyooka hivyo. Mimi nachagua joto dogo na muda mrefu, kwa sababu vinaili haina mpaka mkali inapolegea. Hata chini ya kiwango chake inasogea kidogo kidogo ikipewa uzito na muda, na ukikosea dakika kumi kwenye 55 hakuna kinachoharibika.

Kupoa. Zima. Usifungue mlango. Acha kila kitu humo humo mpaka kioo kiwe cha baridi mkononi, kisha uhamishie vyote pamoja mahali bapa, uweke vitabu vizito juu sasa, ulale mpaka kesho. Ukilazimika kutoa vioo vikiwa na joto, usiviweke juu ya jiwe wala chuma baridi, vitapasuka. Viweke juu ya taulo lililokunjwa sawasawa.

Baada ya hapo tazama. Ikiwa imebaki kidogo, rudia kwa 58. Ikibaki tena, 60. Kupita hapo mimi siendi.

---

KipimaSauti

Nimesoma yote na naheshimu uangalifu wako, lakini naona unawapa watu moyo kwa jambo ambalo halipaswi kufanywa nyumbani. Mifereji ya santuri ina maelezo madogo mno. Joto lolote linalotosha kusogeza santuri nzima linatosha kusogeza maelezo hayo. Santuri inanyooka kwa macho, masikio yanapata hasara.

---

Mfereji33

Mkuu, hoja yako ina uzito na naomba niijibu kwa hesabu.

Mwanzoni mwa santuri, ukingoni, mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Karibu na lebo kasi hiyo imeshuka mpaka mita 0.2 hivi. Kwa hiyo sauti ya hezi 10,000, ambayo kule ukingoni wimbi lake lina urefu wa milimita 0.05, huku ndani limebanwa kwenye milimita 0.02. Ukipitisha joto, vitakavyoumia kwanza ni vitu vya juu kwenye nyimbo za mwisho: matoazi, herufi "s" za mwimbaji. Halafu unasikia mvumo unaokuja na kuondoka kwa kila mzunguko. Hayo yanatokea kweli, wala sibishi.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye kusema joto linaloisogeza santuri linasogeza kila kitu sawa. Mwinuko wa ukingoni ni mkazo ulioenea kwenye sentimita nyingi, na kioo kinausukuma muda wote. Kuta za mfereji hazisukumwi na chochote, kama kioo hakizigusi. Zinachobaki nacho ni mkazo wao wenyewe wa kiwandani, na huo unaachiwa kadiri joto linavyopanda. Ndiyo sababu nakazania 55 na si 70.

Lakini kwenye jambo moja tuko pamoja: santuri adimu, rekodi ambayo haipatikani pengine, usianze na joto. Kwanza jitahidi kuipiga hivyo hivyo ilivyo, kwa pete au kibano, kwa kuongeza uzito wa sindano ndani ya kiwango, na uinakili kwenye kompyuta. Ukishakuwa na nakala una kitu mkononi, na pia una kipimo: utalinganisha nyimbo za mwisho za kabla na za baada kwa masikio yako mwenyewe.

---

KipimaSauti

Hilo la kunakili kwanza nalikubali kabisa. Ningependa liwe juu kabisa kwenye uzi. Na kwa wenye uwezo, kuna mashine maalumu za Kijapani, ORB na Furutech wanazitengeneza, zinapasha na kupoza kwa mpango wake zenyewe. Zinaondoa kubahatisha kwa oveni.

---

Mfereji33

Sahihi. Na ukiwa na santuri nyingi za kunyoosha, mashine hizo ndizo njia. Angalizo moja tu, hata hizo hazirudishi mpindo mkali wa ukingoni, ule uliofinywa. Pale plastiki imevutwa ikarefuka, ukiilaza inatafuta pa kwenda na inaleta mawimbi madogo pembeni. Hiyo unaipunguza tu.

---

Bi_Lebo

Na ile ambayo haijainuka upande mmoja, bali yote imebonyea kuelekea katikati? Upande mmoja inapiga vizuri, nikiigeuza inateleza.

---

Mfereji33

Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, dada. Inakuja na mkazo wa santuri nzima tangu kiwandani, kwa hiyo ikinyooka mara nyingi inarudi baada ya siku chache. Tena kwenye vioo bapa lebo ikiwa nene kuliko ukingo, kioo kinakaa juu ya lebo na ukingo unabaki hewani bila kubanwa. Upande ule inaoteleza ni kwa sababu imegusa sahani katikati peke yake. Kibano cha kusokota, pamoja na kijikipande cha duara cha mpira chini ya lebo, vinaivuta ukingo ulale. Jaribu hicho, na oveni uiache.

---

Wimbi_Refu

Vipi kuhusu jua na vioo? Sina oveni.

---

Mfereji33

Jua silipendekezi. Santuri nyeusi inameza mionzi, kioo kinazuia joto lisitoke, na huna kitasa cha kupunguza. Wingu likipita na kuondoka joto limebadilika mara mbili.

Bora blanketi la umeme au mto wa kupashia mgongo, ule wenye viwango. Vioo vyako na santuri katikati, mto juu, taulo nene kuzunguka, kipimajoto kati ya mto na kioo. Baadhi hazivuki 55 na ni vizuri hivyo. Mingi hujizima yenyewe baada ya muda, utaiwasha tena. Inachukua saa kadhaa badala ya moja, lakini ni njia tulivu kuliko oveni. Kaa karibu nayo, usiondoke nyumbani ikiwaka.

---

SautiYaNdani

Mrejesho wakuu. Ile ya kwanza nimeiacha kama nilivyoshauriwa, nimepandisha uzito wa sindano kufika katikati ya kiwango, haina neno tena. Ila nilikuwa na nyingine yenye kibonge kifupi ukingoni, sindano ilikuwa inaruka wimbo wa kwanza kila mzunguko. Hii nimeipitisha, 55 mara moja, halafu 58. Oveni yangu ilikuwa inapanda mpaka 71 kwenye alama ya 60, kipimajoto ndicho kilichoniokoa. Kibonge kimebaki kidogo sana, unakiona ukiinama, lakini sindano hairuki. Nimelinganisha wimbo wa mwisho na nakala niliyorekodi kabla, sisikii tofauti.

Swali langu, niirudie kwa 60 kiishe kabisa?

---

Mfereji33

Hapana mkuu, inapiga, kazi imekwisha. Iweke kwenye jalada, isimame wima kabisa kati ya nyingine za ukubwa wake, isiegemee wala isibanwe, mbali na dirisha. Baada ya wiki mbili itoe uitazame tena kwa kuinama, kwa sababu ikiwa itarudi itarudi ndani ya muda huo. Ikirudi, uandike humu umeiacha ipoe kwa saa ngapi, tuanzie hapo.